Bipu Tatu kwenye Namba ya Bure

Simu ililia mara moja, ikanyamaza.

"Mwone huyo!" Pilipili akafoka, mikono imejaa grisi mpaka viwikoni. "Mwone! Kapiga, kakata. Shida yake yeye, gharama yangu mimi. Haya, subiri nikupigie, mheshimiwa, maana nilizaliwa nije kukupigia wewe."

Akajifuta mkono mmoja kwenye paja la suruali, akaokota simu kwa vidole viwili, akapiga. Ikapokelewa hapo hapo.

"Umenibipu! Una shida gani?"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Hakuna habari za asubuhi, hakuna karibu mteja. Upande wa pili mtu akaanza kueleza kwamba kitanda cha baba mkwe wake kimegoma kuinuka upande wa kichwa, na Pilipili, uso bado ameukunja, akamuuliza maswali ya maana: kimekwama au kinateleza, ule mkono wa kuzungushia unalia au uko kimya, mzee yuko juu yake au ameshushwa. Akasema atafika kabla ya mchana, na kabla ya mchana alikuwa amefika. Watu walimvumilia ulimi kwa sababu ya miguu yake.

Pilipili halikuwa jina alilopewa na wazazi, lakini hata wazazi wangekuwa hai wangekiri kwamba limemkaa. Mwanamke mfupi, mkavu, fundi wa vyuma, hasira zake ziko karibu na ngozi. Duka lake lilikuwa saluni zamani, na vile vioo vikubwa vya ukutani mwenye nyumba alikataa kuving'oa, kwa hiyo ukiingia uliona viti vya magurudumu vimepinduliwa chini juu, halafu ukaviona tena kwenye kioo. Magongo yalining'inia pale zilipokuwa zikining'inia taulo. Yeye na mdogo wake wa kiume walikuwa wakikodisha na kutengeneza vitu vya wagonjwa wa nyumbani: vitanda vya kuinua na kushusha, viti, magongo. Biashara ilikuwa changa, hata rangi ya kibao ilikuwa bado inanuka. Na nyuma ya kila kiti, kwenye miguu ya kila kitanda, Pilipili alikuwa ameandika kwa mkono wake namba ya simu yake na maneno mawili: BIPU TU.

Ndiyo, aliandika mwenyewe. Halafu wakibipu anatukana. Nenda kamuulize.

Biashara hiyo ilianza kwa hasira, kama mambo yake yote. Shangazi yao, dada wa marehemu baba yao, ndiye aliyewalea wote wawili kwa cherehani moja. Siku maradhi yalipomnyang'anya miguu, Pilipili alikuwa fundi baiskeli. Alikwenda kuuliza bei ya kiti cha magurudumu, akatajiwa bei ya kumkalisha chini hata aliye mzima. Akampa muuzaji vidonge vyake mbele ya wateja, akarudi zake, akachukua magurudumu ya baiskeli, mabomba ya kitanda kibovu na turubai, akachomelea mwenyewe. Shangazi akakalia kile kiti, akazunguka ua wote, akasema kinavuta kushoto kidogo lakini hata marehemu mume wake alikuwa hivyo. Majirani wakaona. Wakataka na wao.

Na Shangazi na Pilipili walikuwa na lugha yao ya simu. Bipu moja asubuhi: nimeamka salama, usinipigie. Bipu mbili: nipigie ukipata nafasi. Bipu tatu: njoo. Hakuna maelezo, hakuna kuulizana, njoo. Pilipili alimwahidi mbele ya mdogo wake, "Shangazi, ukibipu tatu, hata kama wameshanivika sanda nitaamka nije." Katika miaka yote zile bipu tatu zilikuwa zimelia mara mbili tu, na mara zote mbili alifika mbio, spana bado iko mkononi. Katika maisha yake hakuwa na ahadi nyingine aliyoijali kama hiyo.

Sasa, mdogo wake. Huyu alikuwa mtunza ofisi, mtafuta wateja, msukuma vitanda, na dada yake alimwita Mkurugenzi kwa sababu alivaa tai hata siku ya kubeba magodoro.

"Dada," Mkurugenzi akasema siku moja, "kampuni zote kubwa zina namba ya bure. Mteja anapiga halipi kitu."

"Na sisi ni kubwa?"

"Tutakuwaje wakubwa bila kuonekana wakubwa?"

"Kwa hiyo mtu akivaa gauni la mimba anazaa?"

Mkurugenzi hakukata tamaa, hilo ndilo jema lake na ndilo baya lake. Akamleta wakala wa laini hizo, kijana wa viatu vilivyochongoka na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Wakala alikalia kitanda cha wagonjwa kwa kukosa kiti kilichosimama wima, akaeleza. Mteja anapiga bure. Simu inapokelewa na mabinti waliofunzwa, kule kwao, kwa jina la kampuni. Fundi anaachwa afanye ufundi wake. Na watu wakiona namba ya bure wanajua hapa pana kampuni, siyo mtu na simu yake.

"Nani anailipia?" Pilipili akauliza.

"Ninyi, mama. Kidogo tu, kwa mwezi."

"Basi msiiite ya bure. Iiteni Namba Anayoilipia Pilipili."

Wakala akacheka kicheko cha mtu anayelipwa kucheka.

"Hebu nikuulize," Pilipili akaendelea. "Mteja wangu ana mgonjwa kitandani, kitanda kimekwama. Anataka kampuni, au anamtaka mtu na simu yake?"

"Anataka huduma, mama."

Pilipili akamkata jicho, akarudi kwenye gurudumu lake.

Jumapili alikwenda kwa Shangazi kama kawaida, akamweleza habari hizo kwa kuzikejeli. Shangazi alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, jicho moja amelifumba.

"Hiyo ya bure, nani analipa?" Shangazi akauliza.

"Sisi."

"Aha," akasema Shangazi, akaendelea na sindano yake.

Mambo yangeishia hapo, kama siyo watu. Watu, jamani! Siku ile Pilipili alikuwa amelala chali chini ya kitanda cha mgonjwa, nyumbani kwa watu, ameibana springi kwa mikono miwili isiruke, na simu iko mfukoni. Ikalia, ikakatika. Ikalia, ikakatika. Kimya. Ikalia tena, ikakatika. Akadhani ni Shangazi. Akajitoa chini ya kitanda kwa pupa, springi ikaruka, ikamchapa kwenye paji la uso mpaka akaona nyota. Kutazama, siyo Shangazi. Namba asiyoijua. Akaipigia, damu inamchuruzika hadi kwenye nyusi.

"Umenibipu! Una shida gani?"

"Ah, sina shida," sauti ya mwanamume ikajibu, imetulia kabisa. "Nilikuwa naangalia tu kama namba bado inafanya kazi."

Nikuulize wewe unayesoma, ungefanya nini? Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Pilipili alirudi dukani na plasta usoni, akasimama mbele ya mdogo wake.

"Mlete yule mwongo wako," akasema. "Tunaichukua."

Wakasaini mkataba wa mwaka mzima. Pilipili alikwangua BIPU TU kila mahali alipoweza kufika, akapiga rangi namba mpya, na juu yake PIGA BURE kwa herufi kubwa. Hata kile kiti cha Shangazi alikipaka, siku hiyo hiyo, Shangazi amekikalia. Kisha akaitoa laini yake ya zamani kwenye simu, kale kakipande kadogo, akakatupa kwenye kopo la skrubu.

"Si ununue laini nyingine ya kwako, Dada?" Mkurugenzi akamuuliza.

"Nitanunua. Lakini nipe wiki moja. Wiki moja masikio yangu yawe yangu! Nina deni na hawa watu?"

Jioni alimpigia Shangazi kwa simu ya Mkurugenzi. "Shangazi, ile namba ya nyuma ya kiti ndiyo yangu sasa. Ni bure kabisa. Ongea mpaka ulimi ukauke."

"Na wewe utasikia?"

"Wanapokea mabinti, wananiambia."

"Haya, mwanangu," Shangazi akasema.

Asubuhi ya kwanza bila ile bipu moja, Pilipili alihisi kama ametoka nyumbani bila kufunga mlango. Akajisuta. Hakuna habari ni habari njema, akasema, na Jumapili siyo mbali. Akafanya kazi kwa raha asiyoijua tangu duka lifunguliwe. Hakuna aliyemkatisha. Aliongea na spana zake tu, na spana hazibipu.

Shida ni kwamba hakukatishwa kabisa. Siku zikapita, hakuna kitanda kilichokwama, hakuna gurudumu lililotoka, hakuna mgonjwa aliyehitaji magongo. Mji mzima ulikuwa umepona ghafla! Mkurugenzi akaanza kukunja na kukunjua tai yake.

"Nimewapigia wale wa laini," akasema. "Wanasema simu zinaingia nyingi mno. Ila watu hawaongei. Wanakata."

"Wanakata kwa sababu hawapokelewi! Hao mabinti wenu waliofunzwa wanalala! Mtu ana mgonjwa, simu inalia weee, ataacha kukata?" Alishaanza kuvua aproni. "Niambie wako wapi. Nitakwenda kuwaamsha."

Chumba cha wapokea simu kilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Kiyoyozi kilikuwa kimewekwa baridi mpaka mabinti wote walivaa masweta, wamekaa mstari mmoja, vipokea sauti vichwani. Mmoja alikuwa daktari wa meno, anageuka anakuwa muuza saruji, anageuka anakuwa shule ya udereva. Pilipili alielekezwa kwa binti wa mwisho karibu na dirisha.

"Wewe ndiye mimi?" akamuuliza.

"Samahani?"

"Vitanda na viti vya wagonjwa. Ni wewe unayejibu?"

"Ndiyo, mama. Karibu."

"Sikaribii. Nimekuja kukutazama unavyolala."

Binti akaona hapa hapana mzaha, akamsogezea kiti. Pilipili akakaa, amefunga mikono kifuani. Haikupita muda, kioo cha kompyuta kikawaka, simu ikalia mara moja. Kidole cha binti kilikuwa bado hewani ilipokatika. Ikalia nyingine. Safari hii binti aliwahi kweli, mbiombio, akagusa, lakini hakuna mtu.

"Unaona, mama? Ndivyo wanavyofanya. Kutwa. Hata ukikaa kidole juu juu huwawahi. Sijui wana nini, wateja wako."

Pilipili akainama, akakitazama kile kioo.

"Hawakati," akasema taratibu. "Wanabipu."

"Wanabipu? Lakini ni bure!"

"Ni bure!" Pilipili akapiga kelele, na daktari wa meno na muuza saruji wakageuka kumtazama. "Nimewaandikia bure! Kwa herufi kubwa! Wanabipu cha bure! Jamani, hivi hawa watu nimewakosea nini?" Na nusu alikuwa anacheka, kwa sababu ilichekesha. "Basi wapigie! Wapigie hao wote, unangoja nini?"

"Haiwezekani, mama. Laini hii inapokea tu. Haipigi nje."

"Haipigi?"

"Haijatengenezwa kupiga."

Kicheko kilimwishia Pilipili mdomoni. Watu wale wote! Kila mmoja ameketi kando ya mgonjwa wake, simu gotini, anasubiri kupigiwa na kufokewa kama siku zote, na hakuna anayempigia. Wameshatumia neno lao lote walilokuwa nalo, na neno hilo limeangukia kwenye chumba cha baridi kwa binti ambaye mkono wake umefungwa.

Ndipo ikalia. Ikakatika.

Ikalia. Ikakatika.

Ikalia. Ikakatika.

Halafu kimya. Si kimya cha mtu aliyechoka kujaribu, bali cha mtu aliyemaliza alichotaka kusema.

Binti akatabasamu, akatikisa kichwa. "Na huyu ndiye bingwa wao. Tatu, ananyamaza. Tatu, ananyamaza. Tangu juzi. Tumeshampa jina hapa, tunamwita Bibi Tatu. Msimamizi amesema akiendelea kuchezea laini tumfungie."

Pilipili aliisoma namba kwenye kioo, akasimama. Kiti kilianguka nyuma yake, hakukiokota.

"Huyo Bibi Tatu," akasema, na safari hii hakufoka, "ni shangazi yangu."

Binti akajiziba mdomo kwa mkono wa sweta. Pilipili hakubaki kumwona. Alizishuka ngazi, akadandia pikipiki ya kwanza iliyosimama, na njia nzima alikuwa akigomba kwa sauti, upepo unambeba maneno, dereva akidhani anagombwa yeye. Alimgomba wakala na viatu vyake. Alimgomba Mkurugenzi na tai yake. Aligomba mwaka mzima wa mkataba. Walipokata kona ya mwisho akawa amebakiwa na mtu mmoja tu wa kumgomba, na huyo alikuwa amepanda nyuma ya pikipiki.

Mlango wa Shangazi ulikuwa umesindikwa. Alikuwa kitandani, amejiegemeza ukutani, mtandio kichwani umefungwa vizuri, simu iko kwenye shuka karibu na mkono. Kiti chake kimelala upande dirishani, gurudumu dogo la mbele limeng'oka na uma wake, na mgongo wa kiti umeelekea mlangoni na zile herufi kubwa: PIGA BURE. Pembeni ya kitanda palikuwa na kikombe kimefunikwa chini juu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ulikuwa mbali?"

Hapo ndipo Pilipili alipopasuka. Wengine wakiogopa hulia, yeye hufoka.

"Tangu juzi! Uko hapa tangu juzi! Shangazi, si nilikwambia namba ni bure? Si nilikwambia uongee? Unabonyeza, unaacha ilie, binti anapokea, unamwambia kiti kimevunjika, kwisha! Maneno matatu! Ni nini kigumu hapo? Unabipu namba ya bure, wewe? Mtu mwenye akili zake?"

Shangazi alisubiri.

"Umemaliza?"

"Bado!"

"Malizia. Nimeshazoea kungoja."

Pilipili akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Ulisema mnalipa ninyi," Shangazi akaanza. "Nilikuuliza, ukaniambia ninyi. Sasa niongee, mita yenu izunguke, kwa neno moja tu la njoo? Bipu hailipwi na mtu. Silipi mimi, hulipi wewe, na unakuja. Nikabipu."

"Shangazi..."

"Sijamaliza na mimi. Halafu huyo binti. Ni binti wa nani?"

"Simjui."

"Na mimi simjui. Angeniuliza, mama, una shida gani? Ningemwambia nini? Kwamba kiti kimevunjika? Kiti si shida, ningelala tu. Shida ni kwamba choo kiko ng'ambo ya ua." Shangazi akaitazama simu badala ya kumtazama mpwa wake. "Mpangaji ananiletea mkate na maji, kijana mwenye adabu zake. Nimwambie na yeye? Kijana wa kiume? Hata mdogo wako sikumbipu kwa hilo. Usiku nilijiburuza mara moja hadi ndooni, goti likachubuka, nikasema basi. Nikaacha kunywa maji. Mtu asipokunywa, hana haja. Sasa hayo ndiyo nimweleze mtoto wa watu kwenye simu, kwa sababu ni bure?"

Pilipili akakitazama kile kikombe.

Alichuchumaa, akamgeuzia Shangazi mgongo, akaivuta mikono yake mabegani. Shangazi akajivuta, akajishikilia shingoni, na Pilipili akanyanyuka naye, akavuka ule ua jua kali likiwapiga, mwanamke mfupi amembeba mwanamke mrefu. Shangazi alikuwa mwepesi kupita ilivyopaswa. Alimbeba kwenda, akasubiri nje ya mlango wa bati amefumba macho, akambeba kurudi. Kisha akakigeuza kile kikombe, akakijaza maji, akasimama palepale mpaka kikaisha. Akakijaza tena.

"Sina hata bisibisi," akasema baadaye. "Nimekuja mikono mitupu. Nipe simu yako nimpigie Mkurugenzi alete vyombo."

"Usimpigie," Shangazi akasema. "Mbipu."

"Shangazi, jamani, salio nitakuongezea..."

"Mbipu tatu. Nataka kuona kitu."

Pilipili akabipu. Moja, mbili, tatu. Akaiweka simu kwenye shuka, wakangoja wawili. Haikuita kurudi. Alianza kukunja uso, amtukane na huyo pia, wakasikia breki nje, mlango ukasukumwa, na Mkurugenzi akaingia na sanduku la vyombo begani, jasho linamtoka, tai imemgeukia mgongoni.

"Kuna nini? Shangazi! Uko salama?"

"Marahaba," akasema Shangazi, ingawa shikamoo haikuwa imetolewa.

"Ulikuwa unafanya nini?" Pilipili akamuuliza.

"Nilikuwa na yule wakala. Nimemwacha katikati ya sentensi."

"Kwa nini hukupiga kwanza ukauliza kuna nini?"

Mkurugenzi akamtazama dada yake kama mtu aliyetukanwa. "Bipu tatu, Dada! Unauliza nini kwenye bipu tatu?"

Halafu akakiona kiti. Akaiona simu. Akaanza kuhesabu mambo kichwani, na Pilipili alimwona kabisa akifika mwisho wa hesabu yake, kwa sababu mkono wake ulipanda shingoni taratibu, ukaivua ile tai.

"Tangu lini?" akauliza.

"Kamata uma huo hapo," Pilipili akasema. "Ukaze vizuri, mimi nipige nyundo."

Walitengeneza kile kiti wote wawili wamepiga magoti sakafuni, Shangazi akiwaamrisha kutoka kitandani. Aliposhushwa juu yake, akasukuma hadi mlangoni na kurudi. "Bado kinavuta kushoto," akasema. "Na hayo maandishi mnifutie. Natembea na uongo mgongoni."

Njiani kurudi dukani Mkurugenzi alisema, kwa sauti ndogo, kwamba mkataba ni wa mwaka, na kwamba kuuvunja kuna faini.

"Nani kasema tuuvunje? Tutaulipa. Ilie mwaka mzima huko baridini, na kila mwisho wa mwezi uje wewe mwenyewe kunisomea tulicholipa, ili nisisahau." Akafikiri kidogo. "Na yule binti umpelekee namba yangu ya zamani. Mtu akiwahi kuongea, ampe hiyo. Yeye hana kosa, amefungwa mkono tu."

Dukani alimwaga kopo lote la skrubu mezani, akapekua kwa kucha mpaka akakapata kale kalaini, kamepakwa grisi. Akakafuta kwenye suruali, akakachomeka, akawasha. Kwanza kimya. Halafu simu ikaanza kutetemeka, na haikuacha. Taarifa ziliingia moja juu ya nyingine, namba hii ilikutafuta, namba hii ilikutafuta, waliobipu ile ya zamani kabla ya kugeukia mpya, waliobipu zote mbili, na simu ikawa inatambaa yenyewe mezani katikati ya skrubu mpaka ikagota kwenye spana. Kwenye vioo viwili vya saluni Pilipili alijiona amesimama, ana plasta usoni, na mdogo wake nyuma yake hana tai.

Akavuta kiti kibovu, akakaa. Akaanza na ya kwanza.

"Umenibipu! Una shida gani?"

Upande wa pili alisikia pumzi, na nyuma ya pumzi mtu mwingine akikohoa, kikohozi cha aliyelala siku nyingi upande mmoja.

"Ni wewe?" sauti ya mwanamke ikauliza. "Ni wewe mwenyewe?"

"Ni mimi, nani mwingine!" Pilipili akafoka, na macho yalikuwa yanamwuma. "Sema haraka, mama. Wako wengi wananingoja."